Upana wa Boriti: Mhadhara juu ya Nyumba Ndogo ya Pwani



Mtu akisema leo kwamba anataka nyumba "ya asili ya Pwani", mara nyingi huwa ana vitu vitatu kichwani: mlango wa nakshi, makuti juu ya sehemu ya kukaa, na taa ya shaba ukutani. Hoteli za ufukweni ndizo zilizotufundisha hivyo. Chini ya makuti yale aghalabu kuna bati, na ukivuka mlango ule wa nakshi unakutana na korido yenye kiyoyozi. Sina ugomvi na hoteli, zina biashara yake. Ugomvi wangu ni na sisi tunaojenga nyumba za kuishi, wenye kiwanja cha mita 15 kwa 20 na pesa inayokuja kwa mafungu, tunapodhani kwamba urithi wa wajenzi wa kale ni mapambo. Walichotuachia ni vipimo na mpangilio: upana wa chumba, kina cha upenu, hatua anazopita mgeni tangu njiani mpaka ndani. Sura ya nyumba zao ilizaliwa na mambo hayo. Sisi tumeshika sura, vipimo tumevitupa.

Nianze na boriti. Nyumba kubwa za mawe mjini Lamu, nyingi zikiwa za karne ya 18, zina kuta nene za kama nusu mita na vyumba virefu. Lakini chukua futi kamba upime upana wa chumba. Utapata mita mbili na nusu, pengine karibu na tatu, basi. Nyumba ya tajiri aliyefanya biashara na Uarabuni na Bara Hindi ina chumba chembamba kuliko sebule ya mfanyakazi wa leo. Sababu iko juu, darini. Boriti za mikoko zilipangwa zikakaribiana, juu yake zikalazwa bapa za matumbawe, kisha chokaa na kokoto vikashindiliwa mpaka vikashikana. Dari ya namna hiyo ni nzito, na boriti haikuaminiwa kuibeba zaidi ya kiasi hicho. Mwenye mali akitaka nyumba kubwa hakuweza kupanua chumba, akaongeza kingine sambamba nacho. Ndipo ukapatikana ule mfuatano wa nyumba za Lamu: daka mlangoni, tekani ambayo ni ukumbi mdogo wa kuingilia, kiwanda ambacho ni ua wa ndani ulio wazi kwa mbingu, kisha msana, yaani chumba kirefu, kisha msana mwingine, mwisho chumba kinachoitwa ndani. Kila ukuta unaovuka, unaingia mahali pa faragha zaidi. Kipimo kilichotoka kwenye msitu wa mikoko kikawa adabu ya nyumba nzima, nani anaishia wapi na nani anapita.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu wachore chumba cha kwanza kabisa kwa upana wa mita 3 na wakatae kuuvuka bila sababu ya maana. Hawapendi. Wakishafanya hesabu ya mbao hunyamaza. Upana wa mita 3 hubebwa na mbao za mbili kwa nne bila kenchi kubwa za kutisha. Ukienda mita 5, mbao zinakuwa nene, misumari mingi, fundi mwingine. Tena chumba chembamba chenye madirisha pande zote mbili hupitisha upepo bila kuusukuma kwa feni. Mkoko uliwalazimisha wazee wetu kuwa na busara ambayo saruji na nondo vimetuondolea sisi.

Hata hivyo tusiiabudu nyumba ya mawe. Ina kasoro, na wenyewe walizijua. Ukuta mnene hunywa joto mchana na kulitema usiku. Nchi kavu za jangwani, ambako usiku ni wa baridi kali, hilo ni jambo jema. Pwani yetu usiku haupoi kiasi hicho na hewa imejaa unyevu, kwa hiyo aliyelala kwenye chumba cha ndani kabisa amezungukwa na joto la jana. Dirisha hana, mwanga ni wa kuazima kutoka kiwandani. Watu wa Lamu walijibu kwa kupandisha juu ya dari chumba chepesi cha miti na makuti, wazi pembeni, upepo unapita. Chini mawe kwa ajili ya mchana, juu makuti kwa ajili ya usiku. Katika nyumba moja wameunganisha mila mbili za ujenzi, na huo ndio ujanja wao ninaoupenda kuliko zidaka zote, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea vyombo.

Maana mila ni mbili, ingawa vitabu vya picha vinatuonyesha moja. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, wakati mji ule una msikiti mkubwa wa mawe na jumba la kifalme la Husuni Kubwa, aliandika kuhusu nyumba za miti. Watu wengi wa Pwani, enzi zile na hata babu zetu juzi, waliishi katika nyumba za miti na udongo. Unachimbia nguzo, unafunga fito kwa kamba huku na huku, unajaza udongo na vijiwe katikati, unakandika nje na ndani, unaezeka makuti. Ukuta wenyewe ni mwembamba, hupata joto haraka na hupoa haraka. Paa linashuka hadi karibu na bega la mtu, likauficha ukuta usipigwe na jua wala mvua. Nyumba ya namna hii ikiachwa bila matengenezo inarudi ardhini, na ikitunzwa inamzika mjenzi wake.

Mjini Dar es Salaam mila hiyo ya pili ndiyo iliyozaa nyumba tunayoiita ya Kiswahili, ile ya Kariakoo na Ilala ya zamani. Mnaijua. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaonyooka hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha uani penye jiko, choo na bafu. Ni nyumba ya ukubwa wa wastani, lakini angalia akili yake. Mwenye nyumba analala chumba kimoja au viwili, vingine anapangisha, na kodi ndiyo inayomalizia ujenzi. Mtoto akioa, chumba kipo. Mjane aliyeachiwa nyumba ana kipato bila kuiuza. Sijaona ramani ya kisasa, katika zile zinazouzwa zikiwa tayari kwenye simu, inayomfikiria mjane.

Sasa tuje kwenye jua, maana hapa ndipo tunapojiumiza zaidi.

Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini ya Ikweta. Jua hupita sawasawa juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kabla ya katikati ya Oktoba. Mwezi Juni, adhuhuri, limeinama nyuzi 30 hivi upande wa kaskazini, na Desemba nyuzi 17 hivi upande wa kusini. Kwa nyumba ya chini, kitu kinachopigwa zaidi ni paa. Kinachofuata ni kuta za mashariki na magharibi, kwa kuwa asubuhi na alasiri jua huwa chini na hakuna upenu wa kulizuia. Kuta za kaskazini na kusini ndizo rahisi kukinga. Tupige hesabu pamoja. Dirisha linaanza sentimita 90 kutoka sakafuni, na ukingo wa upenu uko mita 2.4. Ili jua la Juni lisikanyage kioo adhuhuri, upenu wa upande wa kaskazini unahitaji kutoka nje sentimita 87. Upande wa kusini sentimita 45 zinatosha kwa jua la Desemba. Mimi huweka mita moja pande zote mbili, kwa sababu mvua ya masika ikisukumwa na upepo haijali hesabu ya jua.

Na upepo? Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, tangu Aprili hadi Septemba hivi. Kwa hiyo nyumba nyembamba, ndefu, iliyolala mashariki-magharibi, inakinga jua na kupokea pepo zote mbili kwa mkao uleule. Si kila nchi imejaliwa hivyo, kwingine jua linamvuta msanifu huku na upepo kule.

Mkishalijua hilo, tazameni nyumba zinazoota sasa kando ya kila barabara mpya: paa la kuficha. Kuta hupandishwa juu ya lenta mpaka zifunike bati, bati likalazwa karibu tambarare, maji yakaelekezwa kwenye mfereji uliofichwa ndani ya kuta. Kwenye picha inapendeza, kama sanduku la zawadi. Upenu hauna hata shubiri moja. Kila ukuta unaoga jua na mvua, kila dirisha linahitaji pazia zito, na kiyoyozi kinaanza kazi saa nne asubuhi. Halafu usiku mmoja wa masika majani ya mwembe wa jirani yanaziba mfereji, maji hayana pa kwenda ila kwenye jipsamu ya sebuleni. Nimeitwa kuangalia dari za namna hiyo mara nyingi, na dawa ninayoandika ni ileile, ambayo mteja hataki kuisikia: toa paa hilo, weka linalotoka nje ya kuta.

Bati lenyewe halina kosa. Makuti hushika moto, hudumu miaka michache, na mjini mtu wa kuyasuka vizuri humpati kirahisi. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso na mshindi wa tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alionyesha njia kwenye shule ya msingi ya kijiji chake iliyokamilika mwaka 2001. Alijenga kuta na dari kwa matofali ya udongo, kisha akainua bati juu sana ya dari hiyo kwa vyuma vyembamba, upepo ukapita katikati ukaondoa joto kabla halijashuka darasani. Sisi tunaweza kufanya hivyo kwa bei ya nyumba ndogo: bati la rangi nyeupe au ya kung'aa, dari chini yake, na matundu pande zote mbili za nafasi iliyo kati. Rangi nyeusi na kahawia nzito, ambazo ndizo fasheni, tuwaachie watu wa nchi za baridi.

Kuna jambo wapenzi wa nyumba za asili hulikwepa, nalo ni mbu. Ule uwazi kati ya ukuta na paa, unaoipoza nyumba ya udongo, ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Bibi zetu walifukiza moshi. Serikali na wahisani kwa miaka mingi wamehimiza tuzibe, na tumeziba, tukabaki tumefungiwa na joto, ndipo watu wanakataa kulala ndani ya chandarua. Kijijini Magoda, mkoani Tanga, watafiti na wasanifu walijenga nyumba 6 za majaribio na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Mawazo waliyachota kwenye nyumba za kiasili za Kusini-Mashariki mwa Asia: kuta nyepesi zinazopumua, wavu kila penye uwazi, baadhi zikiwa na ghorofa ya kulala. Mbu walipungua sana, hasa kwenye nyumba za ghorofa, na ndani kukapoa. Kwa hiyo usizibe kwa tofali. Weka wavu juu ya lenta kuzunguka nyumba nzima, uubane kwa fito za mbao ili uweze kuubadilisha ukichanika. Na mkiweka madirisha, jueni kwamba dirisha la aluminiamu la kuteleza, hata likifunguliwa lote, linakupa nusu tu ya uwazi ulioulipia. Luva za zamani, au mbawa za mbao zenye vipande vya kuinama, zinakupa karibu wote, na nondo zikiwa nje unaweza kulala zikiwa wazi bila kuwaza wezi.

Basi nichore nyumba yenyewe. Kiwanja ni kile cha mita 15 kwa 20. Bawa kuu lina upana wa ndani wa mita 3 na urefu wa mita 12, likilala mashariki-magharibi: chumba cha kulala mwisho mmoja, ukumbi katikati wenye milango miwili inayotazamana, chumba cha pili mwisho mwingine. Mbele yake baraza la mita moja na nusu, chini ya paa lilelile. Nyuma, bawa dogo la mita 3 kwa 5 linageuka kuufuata ua, lina jiko, bafu na choo. Jumla kama mita za mraba 51 za ndani, na nyingine kama 18 za barazani ambazo ndizo mtakazokaa zaidi. Uani pamefungwa pande mbili na nyumba, pande mbili na ukuta. Mtu akibisha anapokelewa barazani. Akikaribishwa anaingia ukumbini, na hapo haoni uani, kwa sababu mlango wa nyuma una ukuta mfupi unaomkatisha jicho, kama tekani ya Lamu inavyofanya. Mama akianika dagaa au akisuka nywele za binti yake, yuko nje na yuko kwake.

Chumba cha pili nimekipa mlango wa nje, barazani. Hapo nimeiba waziwazi kwa nyumba ya Kiswahili. Mwaka huu anakaa mpangaji, mwaka kesho mdogo wako aliyepata chuo, baadaye cherehani na wateja wake. Ukuta unaokitenga na ukumbi nimeufanya kabati toka sakafuni hadi darini, lenye visanduku vya ukubwa tofauti, nusu yake vikifunguka huku na nusu kule. Hizo ndizo zidaka zetu. Zile za Lamu zilibeba sahani za kaure za Uchina, hizi zitabeba mashuka, vitabu na rauta ya intaneti.

Mwenye kiwanja kinachotazama magharibi ataniuliza afanye nini. Asigeuze nyumba kwa ajili ya barabara. Choo, bafu na stoo viwekwe magharibi vipokee jua la alasiri badala ya mtu aliyelala, na mti upandwe mapema, kabla hata ya msingi, maana mti haukopeshwi.

Kuhusu vifaa nitapita haraka kwenye mambo mawili na kukaa kwenye moja. Matumbawe na mikoko tuviache baharini. Miamba hai inalisha samaki wetu, mikoko inashika ufukwe, na kuchoma chokaa ya matumbawe kunakula magogo mengi mno. Saruji nayo si ya kuchezea, uzalishaji wake duniani unahesabiwa kutoa takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Kinachobaki, na kinachonivutia, ni matofali ya kufungamana yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kutokana na udongo wa palepale na saruji kidogo, aghalabu chini ya sehemu 1 kwa 10. Hayachomwi, na yakipangwa vizuri hayahitaji udongo mzito wa kuunganishia.

Ila si kila udongo unafaa, na fundi anayekwambia unafaa kabla hajaupima, mshukuru umwache. Chimba ukivuka ule mweusi wa juu wenye mizizi. Jaza udongo huo theluthi ya chupa nyeupe ya plastiki, mimina maji hadi karibu na shingo, tia chumvi kidogo, tikisa sana, iache imesimama hadi kesho yake. Asubuhi utaona tabaka: mchanga chini kabisa, tope laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga ukiwa ndio mwingi na mfinyanzi ukawa mchache lakini upo, mna kazi ya kufanya. Mfinyanzi ukitawala, tofali litapasuka likikauka, ongezeni mchanga. Ukiwa mchanga mtupu, kama ilivyo sehemu nyingi za ufukweni, acheni wazo hilo mkanunue bloku, na pesa mtakayookoa kwa chumba chembamba italipia. Kuta za udongo msizipige lipu ya saruji tupu. Unyevu unanaswa ndani na lipu inabanduka vipande vipande, jambo ambalo kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimelionyesha kwa uchungu. Chokaa inapumua.

Wasomi nao tusijidanganye kwamba tukipenda kitu, wakazi watakipenda. Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha Gourna Mpya karibu na Luxor miaka ya 1940, kwa tofali za udongo na matao ya Kinubi, kazi nzuri inayosomwa dunia nzima. Wanakijiji wengi waligoma kuhamia. Maisha yao yalikuwa juu ya makaburi ya kale, riziki yao ilitoka huko. Fathy aliyajua matao kuliko alivyoijua mifuko yao. Ndiyo maana kabla ya kuchora namuuliza mteja anapata wapi pesa, nani anakuja kumtembelea Ijumaa, na mama mkwe akija analala wapi.

Jambo la baraza linahitaji uamuzi wa ujasiri kidogo. Mji Mkongwe wa Zanzibar baraza za mawe ziko njiani kabisa, watu hunywa kahawa hapo, na mvua ikijaza uchochoro watu hupita juu yake kama daraja. Leo tunajenga ukuta wa mita 2 na nusu wenye vipande vya chupa, geti la bati, na baraza tukalifungia ndani kama mfungwa. Usalama ni hoja ya kweli, siipuuzi. Napendekeza ukuta wa mbele, karibu na geti, urudi ndani mita moja kwa urefu wa mita 3, hapo lijengwe benchi la tofali linalotazama njia na kijipaa juu yake. Kiwanja kinapungua mita tatu za mraba. Mzee ana pa kukaa jioni, muuza kahawa ana kituo, na njia ina macho. Jirani anayewafahamu wapita njia huwa mlinzi bora kuliko chupa.

Maji yasisahaulike. Dar es Salaam hupata wastani wa milimita 1,100 hivi za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100, ukitoa sehemu ya tano inayopotea, linakupa zaidi ya lita 80,000. Nyingi huja kwa pamoja wakati wa masika na hakuna tangi la bei nafuu litakalozihifadhi zote, lakini hata tangi la lita 5,000 likijaa mara kadhaa linapunguza deni la maji. Kwa sababu hiyo pia paa litoke nje na mfereji uonekane, uweze kuufagia kwa ngazi ya kuazima.

Wengi mtajenga kidogo kidogo, kama walivyofanya wenye nyumba za Kariakoo. Anzeni na bawa la uani, lile dogo lenye jiko na choo. Jiko likitandikwa godoro linalaza watu wawili, nanyi mko kwenu huku mkijenga bawa kuu mbele yenu. Msingi wa bawa kuu umwagwe wote kwa mara moja, kuta zipande chumba kimoja kimoja. Pesa ikibana, vigae vingoje, rangi ingoje, hata dari ingoje mwaka mmoja. Msikate upenu. Fundi atawaambia kwamba kuupunguza nusu mita kunaokoa bati kadhaa, na atakuwa anasema kweli, lakini ukishapauliwa mfupi, kuurefusha ni kubomoa na kununua mbao upya.

Nimalizie hapo, mwenyekiti. Maswali ninayakaribisha, na ningeomba mafundi waanze, hasa ndugu yule pale nyuma aliyekuwa akitikisa kichwa nilipotaja mbao za mbili kwa nne.